Mgeni augue, mwenyeji apone: kutatua matatizo ya mashine pepe ya karantini

Flashi ya mwanafunzi inayofika steshenari saa mbili asubuhi imeshapita kompyuta nyingi: ya chuo, ya rafiki, ya duka jingine la kuchapisha. Ukiichomeka unakuta folda zote zimegeuka njia za mkato zenye ukubwa wa KB 1 au 2. Ukibofya moja, folda inafunguka kama kawaida, na wakati huohuo kirusi kinahamia kwako. Kazi yangu ni kutengeneza kompyuta za maduka ya namna hiyo na za ofisi ndogo, na kinga ninayoiamini ni mashine pepe: kompyuta kamili inayoendeshwa kama programu ndani ya kompyuta nyingine, ikiwa na diski yake na kumbukumbu yake. Ikiugua unairudisha ilivyokuwa jana, kazi inaendelea.

Lakini naitwa tena na tena kwa matatizo yaleyale. Nimeyapanga hapa kwa dalili, na chini ya kila dalili nimeanza na sababu ninayoikuta mara nyingi zaidi. Mifano ni ya VirtualBox, programu ya kuendesha mashine pepe, maana ndiyo ninayoikuta kwa watu wengi. Kwa programu nyingine kama VMware na Hyper-V majina ya menyu hubadilika ila mambo mengi ni yaleyale. Kompyuta yako halisi nitaiita mwenyeji. Mashine pepe nitaiita mgeni.

Kama unasoma haya huku faili za mwenyeji zinabadilika majina mbele ya macho yako, chomoa waya wa mtandao na uzime waifai sasa hivi, kisha ruka hadi dalili ya nne.

Dalili ya kwanza: mgeni hawaki kabisa

Unabofya Start, linatokea dirisha la kosa lenye maneno kama VT-x is disabled in the BIOS, au kwa kompyuta za AMD, VERR_SVM_DISABLED. Wengine hawafiki hata hapo: wakati wa kuunda mashine wanakuta orodha ya mifumo ya biti 32 peke yake.

Mara nyingi uwezo wa prosesa wa kuendesha mashine pepe umezimwa tangu kiwandani. Kagua kwa Ctrl+Shift+Esc, ingia Performance, bofya CPU, kisha soma mstari wa Virtualization. Ukisema Disabled, zima kompyuta, iwashe huku ukibonyeza kitufe cha kuingia BIOS, yaani mipangilio ya msingi ya kompyuta kabla Windows haijawaka (HP nyingi ni F10, Dell ni F2), tafuta Intel Virtualization Technology au SVM Mode, iwashe na uhifadhi. Baada ya hapo zima kabisa, subiri kidogo, ndipo uwashe.

Tahadhari moja kabla hujagusa BIOS: kama diski ya mwenyeji imefungwa kwa BitLocker, kinga ya Windows ya kufunga diski kwa ufunguo, badiliko dogo tu linaweza kuifanya Windows idai ufunguo wa tarakimu 48. Utafute kwanza kwenye akaunti ya Microsoft ya mwenye kompyuta, uuandike kwenye karatasi, ndipo uendelee. Nimeona watu wamekaa siku mbili nje ya kompyuta yao kwa kuruka hatua hiyo.

Mstari ukisema Enabled na bado mgeni hawaki, shuku kumbukumbu. Mwenyeji mwenye GB 4 hawezi kumgawia mgeni GB 3 akabaki salama. Usivuke nusu ya kumbukumbu yote. Windows 10 ya biti 64 inataka angalau GB 2 ili iwake tu, kwa hiyo kwenye laptopu ya GB 4 mimi huweka Linux nyepesi badala ya Windows, na nitaeleza mbele kwa nini hilo lina faida nyingine kubwa zaidi.

Simama ukikuta BIOS ina nenosiri usilolijua. Kompyuta ya ofisi ina mtu wa TEHAMA anayeihusu. Usifungue mashine kutoa betri ndogo ya ubao mama kwa sababu ya mashine pepe yako.

Dalili ya pili: anawaka, lakini anatambaa

Angalia kona ya chini kulia ya dirisha la mgeni. Ukiona kobe wa kijani, umepata jibu: Hyper-V ya Windows imeshika prosesa kwanza, na VirtualBox inapitia mgongoni kwake. Hyper-V huwashwa na vitu ambavyo hukuvidhania, kama WSL2 (Linux inayoendeshwa ndani ya Windows), Windows Sandbox, na kinga ya Memory Integrity.

Ukitaka kuizima, fungua dirisha la amri kama msimamizi, andika `bcdedit /set hypervisorlaunchtype off`, washa upya. Kuirudisha, badala ya off weka auto. Lakini fikiria kwanza. Memory Integrity humlinda mwenyeji, na ukiizima umepunguza ukuta wa nyumba ili chumba cha karantini kiwe chepesi. Kwa mtu anayekagua flashi mbili kwa siku, ningemwacha kobe atambae.

Kama kobe hayupo, sababu ni diski. Diski ya kuzunguka inayobeba Windows mbili kwa wakati mmoja huchoka haraka. SSD humaliza tatizo hili kuliko marekebisho yote utakayoyafanya kwenye mipangilio.

Dalili ya tatu: flashi haionekani kwa mgeni, au inafunguka kwa mwenyeji kwanza

Hapa ndipo maduka ya kuchapisha yanapoumia, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Sababu ya kawaida kuliko zote ni utaratibu: mtu anachomeka flashi, mwenyeji anaisoma, kisha ndipo anaingia menyu ya Devices na kuihamishia kwa mgeni. Kwa sekunde hizo chache mwenyeji ameshaigusa. Dawa yake ni kichujio cha USB. Mgeni akiwa amezimwa, ingia Settings, sehemu ya USB, ongeza kichujio kitupu kisicho na namba yoyote. Kichujio kitupu maana yake: kifaa chochote cha USB kitakachochomekwa wakati mgeni yuko hewani kiende kwake moja kwa moja. Kwa hiyo washa mgeni kwanza, ndipo upokee flashi. Angalia kipanya na kibodi za USB ziwe zimechomekwa kabla ya kumwasha mgeni. Ukizichomoa na kuzirudisha katikati ya kazi, naye atazichukua.

Kwa mwenyeji zima pia AutoPlay, ili hata siku utakayosahau kumwasha mgeni, flashi isifunguke yenyewe.

Ikiwa flashi haionekani kwa mgeni hata kwa kichujio, kagua toleo. Kabla ya VirtualBox 7.0, USB 2.0 na 3.0 zilihitaji nyongeza ya Extension Pack, kuanzia 7.0 zimo ndani ya programu yenyewe. Na kwa sababu wengi wenu mna biashara: leseni ya Extension Pack ni ya bure kwa matumizi binafsi na ya kujifunza, ila dukani inalipiwa. Kupandisha toleo kunakuondolea haja hiyo. Mwenyeji akiwa ni Linux, jina lako la mtumiaji lazima liwe kwenye kundi la vboxusers. Utoke na kuingia tena ndipo likubali.

Sasa lile la Linux nyepesi. Virusi vya njia za mkato vimeandikwa kwa ajili ya Windows: faili la .lnk linaita skripti ya .vbs au programu ya .exe, na folda halisi zimepewa sifa za kufichwa na za mfumo ili usizione. Mgeni akiwa ni Linux, skripti hiyo haina pa kukimbilia, na sifa ya kufichwa haizingatiwi, kwa hiyo folda za mteja zinaonekana zote bila amri yoyote. Unafungua tasnifu yake kwa LibreOffice, unaihamisha kuwa PDF, na PDF hiyo ndiyo inayotoka kwenda kuchapishwa. Mteja aliyekuja amekata tamaa kwamba kazi yake imepotea anaiona mbele yake, na wewe hujabofya kirusi chochote.

Kama mgeni wako ni Windows, folda zilizofichwa utazirudisha ndani yake kwa `attrib -h -r -s /s /d E:\*.*`, ukiweka herufi ya flashi mahali pa E. Amri hii inafichua faili tu, haiui kirusi. Futa zile .lnk, skripti na programu ngeni kabla ya kumrudishia mteja flashi.

Simama flashi ikianza kuomba kufomatiwa, au ikipotea na kurudi yenyewe. Hilo ni tatizo la kifaa, na kila unavyoijaribu tena unapunguza uwezekano wa kuokoa kilichomo. Mpeleke mteja kwa anayeokoa data.

Dalili ya nne: faili za mwenyeji zimeguswa

Wanaonipigia huanza na maneno haya: "Fundi, kirusi kimevunja mashine pepe." Katika simu nilizopokea, kila mara kilipita mlango uliokuwa wazi.

Mlango wa kwanza ni folda ya pamoja. Mimi mwenyewe ulinigharimu. Nilifungua folda ya pamoja ili nimpitishie mgeni kiambatisho kimoja cha barua pepe nikakikague, nikasahau kuifunga. Kiambatisho kilikuwa programu ya kufunga faili na kudai fidia. Ndani ya mgeni, folda ya pamoja huonekana kama diski ya mtandao yenye herufi yake, na programu za aina hiyo hupitia kila diski yenye herufi. Dakika chache baadaye risiti zangu za miezi minne zilikuwa na viendelezi nisivyovijua. Nikarudisha snapshoti, yaani hali ya mgeni niliyoihifadhi kabla, mgeni akapona. Risiti hazikurudi, kwa sababu snapshoti hurudisha diski ya mgeni peke yake, na folda ile ilikuwa kwenye diski yangu halisi.

Ukilazimika kupitisha kitu, weka folda tupu iliyotengenezwa kwa kazi hiyo tu, chagua Read-only, na uiondoe kabla ya kubofya chochote cha kushuku. Na ujue kwamba Read-only inazuia kuandika, haizuii kusoma: kirusi cha kuiba kitasoma kila kilichomo. Njia salama zaidi ni kutengeneza faili la ISO kwa mwenyeji na kumwekea mgeni kama sidii.

Mlango wa pili ni mtandao, na hapa majina ya menyu huwapoteza watu. Bridged humfanya mgeni awe kifaa kamili kwenye mtandao wa duka, na anwani yake kutoka kwa ruta. NAT wengi hudhani ni salama kwa sababu mgeni amefichwa nyuma ya mwenyeji, lakini akiwa nyuma hapo anafikia intaneti, printa, na kompyuta nyingine za ofisini. Host-only inamtenga na intaneti, ila inamwacha ana kwa ana na mwenyeji, yule yule tunayetaka kumlinda. Internal Network huwaunganisha wageni kwa wageni tu. Not attached ni kama kuchomoa waya, na ndiyo ninayoiweka kwa kukagua flashi.

Hili si la kinadharia. WannaCry, programu ya kudai fidia iliyoanza kusambaa tarehe 12 Mei 2017, haikuhitaji mtu abofye kitu: ilipita kwenye mtandao kwa mlango (port) namba 445 ikitafuta Windows ambazo hazijapokea kiraka cha MS17-010, kilichotolewa tarehe 14 Machi mwaka huohuo. Mgeni aliyeunganishwa kwa Bridged na aina hiyo ya kirusi ni sawa na kompyuta iliyoambukizwa uliyoiweka kwenye kaunta.

Mlango wa tatu ni ubao wa kunakili na buruta-dondosha. Ukiuweka pande mbili, nywila uliyoinakili kwa mwenyeji inasomeka kwa mgeni. Weka Disabled vyote viwili.

Kuhakiki yote kwa mara moja, kwenye dirisha la amri la mwenyeji, ndani ya folda ya VirtualBox, andika `VBoxManage showvminfo` ukifuata na jina la mgeni. Soma mistari minne: kadi za mtandao, folda za pamoja, Clipboard Mode na Drag and drop Mode. Kisha ingia kwa mgeni upigie ping (amri ya kuuliza kama kifaa kinajibu) anwani ya ruta yako, kwa mfano 192.168.1.1. Ikijibu, kuna mlango wazi.

Kuvunja ukuta wenyewe kunawezekana. Mei 2015 ilitangazwa kasoro iliyoitwa VENOM kwenye QEMU, programu nyingine ya mashine pepe, katika sehemu inayoiga kiendeshi cha diski laini, msimbo uliokuwapo tangu 2004, na VirtualBox nayo iliguswa. Novemba 2018 ikaanikwa nyingine ya VirtualBox, kwenye kadi ya mtandao ya E1000 ikiwa katika NAT, yaani mipangilio ya kuanzia, ambayo watu wengi hawaibadilishi. Zote mbili zilizibwa kwa toleo jipya. Kwa hiyo sasisha VirtualBox, na umwondolee mgeni kadi ya mtandao na vifaa asivyovitumia.

Likiwa limeshatokea, fanya hivi kwa mpangilio:

1. Kata mtandao wa mwenyeji. Mzime mgeni kwa Power Off, usimwombe azime taratibu.
2. Angalia faili zilizoguswa ziko wapi. Kama ni ndani ya folda ya pamoja peke yake, inaelekea kirusi kilifanya kazi kikiwa kwa mgeni na mwenyeji hajaambukizwa. Mkague kwa antivairasi hata hivyo.
3. Kama kuna faili zilizoguswa nje ya folda hiyo, hesabu kwamba mwenyeji ameambukizwa. Simama hapa. Usichomeke diski ya nakala rudufu kuangalia kama nakala ni nzima, kwa sababu nayo itafungwa. Usifomati, usilipe fidia.

Kuanzia hapo ni kazi ya mtaalamu wa usalama, hasa kama kompyuta ina taarifa za wateja au iko kwenye mtandao mmoja na nyingine. Tanzania kuna TZ-CERT iliyo chini ya TCRA, mamlaka ya mawasiliano, Kenya kuna KE-CIRT. Wote hupokea taarifa za matukio haya. Ukitumia kompyuta nyingine safi, angalia pia mradi wa No More Ransom, ulioanzishwa mwaka 2016 na Europol, polisi wa Uholanzi na kampuni za usalama. Unatoa bure zana za kufungua faili kwa baadhi ya programu za fidia. Hata kama zana yako haipo leo, tunza faili zilizofungwa. Zana mpya huongezwa.

Dalili ya tano: nimeendesha sampuli, haikufanya kitu

Hii ni ya wanaojifunza uchambuzi wa programu hasidi, na sampuli ni kirusi wanachokichunguza. Mwenye steshenari hana sababu ya kuendesha kirusi kwa makusudi. Kama unataka tu kujua iwapo antivairasi ya mgeni iko macho, tumia faili la majaribio la EICAR, herufi 68 zisizo na madhara ambazo antivairasi zimekubaliana kuzikamata.

Kwanza angalia kama sampuli ilifika. Antivairasi ya mwenyeji huifuta njiani, na inafanya kazi yake, usiizime. Ipitishe ikiwa ndani ya zipu yenye nenosiri. Wachambuzi wamezoea kutumia neno infected, ili yeyote atakayelikuta faili ajue ni nini.

Ikiwa imefika, huenda imekutambua. Programu hasidi nyingi hukagua mazingira kabla ya kuanza: anwani ya kadi ya mtandao inayoanza na 08:00:27, mchakato wa VBoxService.exe, prosesa moja tu, diski ndogo, folda ya nyaraka isiyo na hata faili moja. Ondoa Guest Additions (nyongeza za VirtualBox zinazosakinishwa ndani ya mgeni), mpe mgeni prosesa mbili na diski ya GB 80 au zaidi, badilisha anwani ya kadi, jaza nyaraka za kawaida. Nyingine hulala tu, zikisubiri dakika nyingi au kompyuta iwashwe upya.

Au inasubiri mtandao. Jibu la haraka la wengi ni kuwasha NAT, na ndilo nisilolitaka. Weka mgeni wa pili mwenye REMnux, Linux ya wachambuzi wa programu hasidi, muunganishe na wa kwanza kwa Internal Network, na uendeshe INetSim inayojifanya kuwa intaneti. Lakini usishangae ikigeuka kinyume. WannaCry ilipiga kwanza kwenye anwani moja ndefu ya tovuti isiyokuwapo. Ikipata jibu inaacha, isipopata inaanza kufunga faili. Ndiyo maana mtafiti wa usalama Marcus Hutchins aliposajili anwani hiyo kasi ya maambukizi ilikatika, na ndiyo maana kwenye maabara yenye INetSim itaonekana kama imekufa, wakati mgeni asiye na mtandao kabisa itamla.

Simama hapa kama hujui sampuli inafanya nini na unajiona unafungua mlango mmoja baada ya mwingine ili "iamke".

Dalili ya sita: nimerudisha snapshoti, kirusi bado kipo

Mara nyingi mtu hakurudisha, alifuta. Kwenye orodha ya snapshoti, Restore ndiyo inayomrudisha mgeni nyuma. Delete inaondoa alama tu na kuyaunganisha mabadiliko yote, pamoja na kirusi, kwenye diski ya mgeni. Neno "futa" linawadanganya watu wanaodhani wanafuta maambukizi.

Sababu ya pili ni snapshoti iliyopigwa mgeni akiwa ameshaugua. Piga ya kwanza mara tu baada ya kusakinisha na kusasisha, mgeni akiwa amezimwa, na uipe jina lenye tarehe. Ya tatu ni flashi ileile kuchomekwa tena bila kusafishwa.

Na kama mgeni anasimama ghafla na ujumbe wenye DrvVD_DISKFULL, diski ya mwenyeji imejaa. Kila snapshoti huhifadhi mabadiliko kwenye faili lake ndani ya folda ya Snapshots, na faili hizo hukua kimyakimya. Usiingie kuzifuta kwa mkono kupata nafasi: zimeshikana kama mnyororo, ukitoa moja zinazofuata hazisomeki. Toa nafasi kwa kufuta vitu vingine vya mwenyeji, kisha punguza snapshoti ukiwa ndani ya VirtualBox, ukiacha ile safi.

Mnyororo ukiwa umeshakatika, na ndani ya mgeni kuna nyaraka za mtu, usiendelee kuujaribu. Nakili folda nzima kwenye diski nyingine na umpe anayeokoa data. Kama hakuna nyaraka, mfute mgeni pamoja na faili zake zote, umsakinishe upya, kisha ingia kwenye Virtual Media Manager uifanye diski yake iwe Immutable. Baada ya hapo kila utakapomzima na kumwasha ataanza safi, bila wewe kukumbuka kurudisha chochote.